Jina la Kepteni Thornby

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, jiwe la kumbukumbu la Kepteni Thornby, afisa wa zamani wa ukoloni, lilizinduliwa kwetu Manga. Vitukuu wake watatu walitoka Uingereza. Walisema kwao ana kibao ukutani na barabara yenye jina lake, nao walitaka akumbukwe pia alipozikwa. Kaburi limo katika shamba la chai la binamu yangu Geoffrey.

Geoffrey ni mwalimu, kwa hiyo alitafsiri hotuba. Wageni waliomba wenyeji waahidi kwamba jina la kepteni halitapotea. Geoffrey alijibu kama Mgusii mwenye adabu: mtoto anayemngoja atapewa jina hilo. Watu walipiga makofi. Mama yake, Drusilla, hakupiga. Nyumba ya babu yake ilichomwa kwa amri ya Thornby.

Geoffrey alipowasha simu baada ya sherehe, aliambiwa mkewe, Lorna, amejifungua mvulana hospitalini tangu alfajiri.

Mtoto alikataa titi.

Daktari hakuona ugonjwa. Siku ya pili alilishwa kwa mpira wa puani, akatapika. Siku ya tatu hakuwa na nguvu ya kulia.

Jirani yetu Bosire alikuja wodini na ndizi. "Mwalimu, si ulituahidi mzungu? Labda anangoja chai ya saa kumi."

Geoffrey alizipokea ndizi, akaziweka chini ya kitanda.

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu. Akikataa kunyonya, hutajiwa majina ya waliokufa hadi akubali lake. Sisi ni Waadventista, na mchungaji hapendi mambo hayo. Drusilla aliinama akaanza.

"Machogu. Obwocha. Angwenyi."

Midomo haikufunguka. Alitaja majina kumi na manne. Nilihesabu.

"Mama," Lorna alinong'ona, "limebaki moja."

"Hilo halitaingia bomani mwangu."

"Mama, anakufa."

Drusilla alimgeukia mwanawe. "Ulipanga na hao wageni? Sema kweli, Geoffrey."

"Sikupanga, Mama. Ilikuwa adabu tu."

Mtoto aliacha kupumua. Akavuta pumzi. Akaacha tena.

Drusilla alisogeza mdomo kwenye sikio la mtoto. Alisema neno moja. Sikulisikia, ila nilimwona mtoto akifumbua macho. Hakumtazama mama yake. Alimtazama Drusilla, muda mrefu, bila kupepesa.

Kisha akanyonya.

Drusilla alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, akatoka. Siku hizi anaishi kwa dada yake, huko Nyamache. Hajamshika mjukuu huyo tena.

Mimi pia nilimshuku Geoffrey. Nilifikiri alikwisha kumwandikisha mtoto kwa siri, ili awafurahishe wageni. Jumatatu iliyofuata nilikwenda hospitalini kuona fomu ya taarifa ya kuzaliwa. Muuguzi Mokeira, aliyemzalisha Lorna, alinifungulia faili.

Jina lilikuwa limeandikwa: Thornby.

"Nani alikupa jina hili?" nilimuuliza.

Aliisogeza fomu karibu na macho. "Mwandiko ni wangu. Lakini mama wa mtoto alikuwa hajataja jina. Niliacha nafasi wazi."

Fomu ilisainiwa Jumanne, tarehe 14 Mei, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Wageni walikuwa hawajafika Manga. Geoffrey alikuwa hajaahidi lolote.