Jeki ya Mzee Ambindwile

Jioni moja nilikwenda Tukuyu kununua jeki ya pikipiki. Ndiyo safari yenyewe, hakuna zaidi. Kwa shughuli ya namna hiyo mtu hata haagi vizuri. Nilimwambia tu mke wangu Winfrida kwamba naingia mjini na kutoka, nikawasha pikipiki.

Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kujaa madukani. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukawa tunakuta redio, baiskeli na vipuri vimening'inizwa mpaka barazani. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupita vijijini na pikipiki zao, na barabara zetu za Rungwe, kwa matope na mawe yake, zikawa zinazivunja bila huruma. Wakati huo nilikuwa fundi kwenye gereji ya mtu Mbeya. Nikaona ni upuuzi kulala peke yangu kwenye chumba cha kupanga ilhali nimeoa majuzi tu. Nikarudi Kisondela, nikasimamisha kibanda cha bati kando ya nyumba, nikafungua gereji yangu mwenyewe. Nilichotaka ni kufanya kazi huku namsikia Winfrida akiimba jikoni. Sikuwa na tamaa nyingine, na nalisema hilo bila aibu.

Shida ilikuwa kuinua. Nilikuwa naegemeza pikipiki za watu kwenye magogo na kreti tupu za soda, kazi ya kihuni kabisa. Siku moja gogo liliteleza, injini ikapita karibu na sikio langu. Winfrida akalia mpaka nikaahidi kununua jeki.

Maulidi, muuza vipuri ambaye babu yake alihamia Tukuyu kutoka pwani, alikuwa anataka kufunga duka. Alinitolea jeki mbili, akaziweka sakafuni.

"Chagua, Fundi Lugano. Zamani ungechukua ulichopewa ukashukuru."

Ya kwanza ilikuwa jeki ya mafuta, nyekundu, bado inanukia rangi. Niliipampu chini ya gunia la misumari, tukazungumza habari za mvua, nikaitazama tena. Ilikuwa imeshuka upana wa kidole. Nikamwambia sili zake, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, zimekufa hata kabla haijaanza kazi, na mimi sina mpango wa kulaliwa na pikipiki taratibu. Ya pili ilikuwa jeki ya mkasi iliyotoka kwenye gari dogo. Kichwa chake chembamba mno. Injini ya pikipiki ikikaa pale inacheza, halafu inaanguka ubavu. Nikaisukuma kwa mguu.

"Na ile pale pembeni?"

Maulidi alisita. "Ile ya kutengeneza kwa mkono. Si ya kiwandani."

Niliivuta kwenye mwanga, na roho yangu ikafurahi. Skrubu nene, iliyokatwa meno kwa subira. Juu yake mikono miwili iliyochomelewa, imevishwa vipande vya tairi ili isikwaruze injini. Miguu mipana, isiyoweza kuzama kwenye udongo wetu wa mvua. Jeki ya skrubu haina sili ya kuchoka. Haishuki mpaka mtu aizungushe mwenyewe. Aliyeitengeneza hii alikuwa fundi kweli, na alikuwa anaogopa kuangukiwa.

"Nani kaileta?"

"Mwanamke mmoja. Kaiburuta kwa kamba tangu barabarani, yeye katangulia, haitazami. Nikamwambia anipe mkononi, akaiachia kamba chini, akasogea kando, kitenge usoni. Nadhani ana haya tu."

Kwa Maulidi ilikuwa haya tu. Mnyakyusa angeuliza zaidi. Kwetu, mke hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani huingia migombani, hufunika uso, huinama mpaka mzee apite. Hamgusi, hampi kitu mkononi, hata jina lake halitamki. Mwanamke anayeburuta chuma huku amekifichia uso ni jambo la kumfanya mtu wa kwetu akae chini na kutafakari. Mimi nilikuwa nakagua meno ya skrubu.

Niliifunga nyuma ya kiti, nikaondoka. Ukungu ulikuwa umeshashuka. Mvua ya rasharasha. Kwenye mlima wa kwanza injini ikaanza kulalamika, ikataka gia ndogo. Jeki haikuwa nzito kiasi kile. Ilikuwa kama nimepakia mtu mzima.

Kisha harufu... ugoro.

Ugoro mkali, uliosagwa na magadi, karibu kabisa na shingo yangu. Mimi sinusi ugoro. Nikajiambia ni moshi wa mashambani, nikaongeza mwendo.

Kwenye kona ya mashamba ya chai niliona msichana aliyejitwisha kuni, ushungi wa mwolewa kichwani. Taa yangu ikammulika. Akautupa mzigo. Akakimbilia kwenye chai, akainama, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Nikacheka, nikampigia honi. Mimi si mkwe wake. Simjui hata baba yake.

Nilipofika mbele kidogo kicheko kikanikauka mdomoni.

Alikuwa anamficha nani uso?

Nyumbani, Winfrida alisikia mlio akatoka uani na koroboi, anatabasamu. Akapiga hatua mbili kunijia. Akasimama. Akauvuta ushungi mpaka kidevuni, akageuka, akapotea nyuma ya jiko.

Lazima niseme hili: baba yangu alikufa mimi nikiwa mtoto. Winfrida hakuwahi kuwa na mkwe wa kumkimbia. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba ameolewa kwenye raha.

"Mbona hukuniambia unakuja na mzee?" alininong'oneza kutoka nyuma ya ukuta.

"Mzee gani?"

"Uliyempakia."

"Winfrida, hii ni jeki."

Mvua ikadondoka kwenye bati.

"Ameshashuka?" akauliza.

Nilikasirika, maana nilikuwa nimelowa na nilitegemea kupongezwa. Nikaiingiza jeki kibandani, nikafunga mlango, nikarudi nikamwonyesha viti vitupu ndani ya nyumba, kwamba hakuna mgeni. Alikula ameinamisha kichwa. Kesho yake akawa hapiti mbele ya kibanda. Alizunguka kwa nyuma, kupitia migombani, kwenda kuchota maji. Nilimtania kwamba wanawake wenzake wanakimbia wazee, yeye anakimbia chuma. Hakucheka. Hakuimba pia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jioni hiyo nikaitia jeki kazini. Pikipiki ilikuwa ya mnunuzi mmoja wa kahawa, ekzosi yake imelegea mpaka inaburuta. Nilizungusha mkono wa jeki, pikipiki ikapanda taratibu, imetulia. Nikaitikisa kwa nguvu zangu zote. Haikucheza hata kidogo. Nilifurahi hata nikaongea peke yangu.

"Ndaga, fundi," nikasema, nikimshukuru aliyeitengeneza, popote alipo.

Nikalala chali, nikajisukuma chini yake.

Nilikuwa nashika boliti ya pili nilipousikia mlio.

Kri...

Nikadhani ni bati linapoa. Nikaendelea.

Kri... kri...

Niligeuza kichwa. Mkono wa jeki ulikuwa unazunguka. Taratibu, bila haraka, jinsi mzee anavyofanya kazi anayoijua. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na harufu tu. Ugoro. Grisi ya zamani. Jasho la mtu aliyelala palepale nilipolala mimi.

Nilijaribu kutoka. Nilichelewa.

Injini ilinilalia pajani na tumboni. Sikupiga kelele mara moja, maana pumzi haikuwepo. Nilipoipata nikaita.

"Winfrida!"

Sauti ilitoka kavu, yenye kikohozi. Haikuwa yangu. Nikaita tena, ikatoka vilevile, sauti ya mzee.

Alikuja mbio. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, alikuja mbio. Alifika mlangoni na koroboi lake, akaangaza ndani, akaniona. Aliniona kabisa. Nikamnyooshea mkono. Mkono wa jeki ulikuwa karibu na mguu wake. Angeuzungusha mara chache tu ningepumua.

Uso wake ukabadilika. Akapiga magoti, akajifunika, akaanza kurudi nyuma kwa magoti.

"Tata, mnisamehe," alinong'ona huku analia, akiniita baba kwa lugha yetu. "Mume wangu hajarudi. Naita wanaume. Tata, mnisamehe..."

"Ni mimi! Ni Lugano!"

Alizidi kulia. Alizidi kurudi nyuma. Koroboi likaishia gizani, nikasikia majani ya migomba yakipasuka alikopita.

Kisha kando ya sikio langu, chini ya pikipiki ile ile, mtu akavuta pumzi.

"Hatakuja, mwanangu. Mkwe haji."

Jirani yangu Jotham na ndugu zake ndio walioninyanyua. Winfrida alikuwa amekimbia mlima mzima kuwatafuta, anawaambia mkwe wake ameangukiwa. Jotham alidhani hofu imemchanganya. Walinibeba kwa machela mpaka hospitali ya Igogwe, na madaktari wa pale walifanya kila walichoweza. Mguu haukuokoleka.

Maulidi alikuja kuniona wodini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, anazungusha kofia yake mikononi. Alikuwa ameuliza watu wa Suma waliokuja sokoni.

"Jeki ile ni ya mzee Ambindwile, fundi wa huko," alisema kwa sauti ya chini. "Ilimwangushia pikipiki. Nyumbani alikuwepo mke wa mwanawe, peke yake. Wanaume wote walikuwa msibani, mbali. Yule mama alisimama nje kajifunika uso, anaita watu. Mzee anamwomba aingie. Yeye anaita watu. Mpaka mzee akanyamaza."

"Na huyo mwanamke?"

"Wengine wanasema alirudi kwao." Akaiangalia kofia. "Watu wa kwao wanasema hajafika."

Nilimwuliza skrubu inawezaje kujishusha. Akavaa kofia yake, akaaga. Nilimwagiza Jotham aitupe jeki mtoni kabla sijatoka hospitali. Alipofika kibandani hakuikuta. Udongoni kulikuwa na mburuzo unaoelekea barabara ya Tukuyu, na mbele yake nyayo ndogo za miguu mitupu.

Nilirudi nyumbani kwa magongo. Njia nzima niliwaza jambo moja tu, uso wa Winfrida atakaponiona mzima. Nilimkuta uani anaanika mahindi. Akasikia magongo, akageuka.

Akauvuta ushungi. Akaingia migombani.

Hajanitazama tena mpaka leo.

Mchungaji alikuja akaomba mpaka jasho likamtoka. Mganga naye alikuja, akafukiza, akaondoka bila kuaga. Mama mzazi wa Winfrida alimshika mabega, akamwambia, "Huyu ndiye mumeo, mwanangu, mtazame!" Winfrida alimziba mdomo kwa aibu. "Mama, mzee atasikia." Si kichaa. Analima, anakwenda kanisani, anatania wenzake kisimani. Jikoni anaimba tena kama zamani. Nikikohoa, wimbo unakatika.

Kwangu ni mkwe mwema mno. Ananiwekea chakula kizingitini, anakohoa kidogo, anaondoka kabla sijafungua mlango. Jina langu analitaja, kwa kuwa ni la mumewe. Na kwa kuwa mkwe hasemeshwi moja kwa moja, jioni huja nyuma ya chumba changu, akasema na ukuta.

"Ukuta, mwulize tata. Lugano anarudi lini?"

Mwanzoni nilikuwa napiga kelele. Nilipiga ukuta kwa ngumi, nikamwambia ni mimi, nikamtajia mambo ambayo hakuna mtu duniani anayeyajua ila mimi na yeye. Alikimbia, akamwambia mke wa Jotham kwamba mzee anamtamkia maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasikia. Usiku ule alilala kwa mama yake. Niliogopa hatarudi. Tangu hapo nimeacha.

Sasa najibu. Nauambia ukuta kwamba Lugano bado yuko Tukuyu, anachagua jeki.

"Ndaga, tata," anasema.

Halafu namsikia akicheka peke yake, kile kicheko chake kidogo cha siku tulipooana. "Namjua yule, haridhiki upesi," anauambia ukuta. "Lakini atakuja. Hawezi kuniacha."

Anabaki pale kidogo, mgongo wake upande ule, wangu upande huu. Nami nauma blanketi, asije akamsikia mzee akilia.