Dakika Kumi na Moja

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, Palupi aliingia soko la vifaa vya umeme la Genteng, pale Surabaya, kutafuta kipima umeme cha bei nafuu. Jumatatu yake angeripoti kazini, na barua ilisema kila mhandisi mwanagenzi aje na kipimo chake mwenyewe. Alikuwa amevaa blauzi ya rangi ya samli na viatu vyeupe vipya, viatu alivyovijutia kabla hajamaliza vibanda vitatu, maana njia nzima ilikuwa imelowa maji ya barafu ya wauza vinywaji na kutapakaa vipande vya nyaya. Kila kibanda kilikuwa kimefungulia redio yake, na kila redio ilikuwa na habari zake. Katikati ya makelele hayo akakiona kipimo alichokitaka, akakigeuzageuza, akaanza kufungua mkoba.

"Hicho usinunue, dada."

Aliyesema alikuwa amechuchumaa kando ya kibanda, kijana mwembamba mwenye shati la njano lililopauka, anakunywa chai baridi kwenye mfuko wa plastiki.

"Kwa nini?"

"Kimeshawahi kuungua. Kinuse."

Palupi akakinusa mbele za watu, kweli akasikia harufu ya moshi. Mwenye duka akasema kila kitu Genteng kinanuka moshi, hata yeye mwenyewe mkewe humlalamikia. Palupi alijua madalali wa soko lile na hila zao, akamgeukia yule kijana na kumuuliza yeye anauza wapi.

"Siuzi," akajibu. "Nanusa tu."

Palupi aliondoka akijizuia kucheka, akanunua kipimo kingine kibanda cha tano. Jumatatu alipofika kwenye kituo cha televisheni na redio alikoajiriwa, akakuta mwanagenzi wa pili ameshaketi, shati lile lile la njano, safari hii limepigwa pasi. Aliitwa Seno, mtoto wa Banyuwangi, na alipomwona Palupi akashika pua yake.

Waombaji walikuwa zaidi ya mia, waliochukuliwa walikuwa wao wawili. Bwana Hartoyo, mhandisi mkuu, mtu wa maneno machache na kalamu nyingi mfukoni, aliwaeleza kwamba mafunzo ni ya mwaka mmoja: kwanza studio, kisha gari la matangazo ya nje, kisha kituo cha kurushia mawimbi kule mlimani. Mwisho wa mwaka atabaki mmoja. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja saa za chakula.

Huenda ndiyo sababu walisogeleana upesi. Walijifunza pamoja kuunga nyaya bila kuacha vinundu, kusikia kasoro ya sauti kabla mtangazaji hajaisikia, kukaa kimya taa nyekundu ikiwaka. Adhuhuri walikula nyuma ya jengo, wali na tempe, vipande vya soya vya kukaanga, wakigombea pilipili. Seno alikuwa na ucheshi wa watu wa pwani ya mashariki, maneno yake yanatoka polepole huku macho yameshacheka. Mwezi wa pili wa mafunzo Palupi akaacha kumwita "kaka" kama walivyoitana wote kazini, akaanza kumwita "Mas", neno la Kijava ambalo mke humwitia mumewe, na kila mtu chumbani mle akaelewa. Naye akamwita "Dik", mdogo wangu, kwa sauti ya chini, kana kwamba neno lenyewe ni mali ya watu wawili.

Mwezi wa sita walitenganishwa. Seno alipelekwa mlimani, juu ya mashamba ya matufaha ya Batu, Palupi akabakizwa studio.

Kituo cha mlimani kilikuwa nyumba moja ya zege, mnara wa mita themanini, na mlinzi mzee, Mzee Kasan, aliyepoteza nusu ya usikivu wake kwa kelele za feni za mitambo. Simu za mkononi hazikushika mtandao pale. Mawimbi ya mnara wenyewe yaliziziba. Kupata mtandao ilibidi ushuke dakika kumi hadi mashambani. Lakini palikuwa na simu ya waya kati ya mlima na studio, na kila saa studio ilipaswa kuuliza hali. Kwa hiyo kila saa Palupi aliinua mkono wa simu.

"Mlimani, hapa studio."

"Studio, hapa mlimani. Mawimbi safi." Kisha sauti inashuka. "Dik, umevaa nini leo?"

"Sare. Wewe umekula nini?"

"Tambi za pakiti na yai."

"Na jana?"

"Yai na tambi za pakiti."

"Angalau unabadilisha, Mas."

Wiki tatu walikaa hivyo. Kisha Bwana Hartoyo akaipitia orodha ya simu, akaona kuuliza hali kunachukua dakika tisa, akatoa amri: njia ile ni ya kazi, maneno mawili yanatosha. Tangu hapo ikawa "mlimani", "studio", "safi", na mlio wa simu kukatwa.

Palupi aliumia siku chache, kisha kazi ikamchukua. Alikuwa anaanza kuijua studio, watayarishaji wameanza kumwita kwa jina, wanamtaka yeye kwenye vipindi vigumu. Seno alikuwa akishuka mashambani kumpigia, naye mara nyingi yuko zamu, simu imefungiwa kabatini kama sheria ilivyotaka. Jioni alikuwa amechoka. Alimwandikia, "Samahani Mas, kesho," na kesho yake hivyo hivyo. Juma la pili la mwezi wa nane hakujibu kabisa jumbe zake mbili. Haikuwa kwamba mapenzi yamempungua. Alidhani tu kwamba mtu akishapatikana hubaki pale ulipomwacha.

Tarehe kumi na saba Agosti, sikukuu ya uhuru, studio ilikuwa inarusha moja kwa moja sherehe za uwanjani. Palupi alikuwa na shati jeupe na ushungi mwekundu, rangi za bendera, kama wanawake wengine wote wa studio. Saa nne kasorobo wanafunzi wa shule waliingia na bendera. Saa nne kamili, dakika mbili kabla ya kupandishwa, kioo kimoja mbele yake kikawa cheusi: kile kilichoonyesha picha inayorudi kutoka mlimani. Uwanjani bendera ilikuwa inapanda, na wilaya nne zilikuwa zinatazama giza.

Akainua simu. "Mlimani, hapa studio." Ikalia bila kupokelewa. Akapiga tena, na tena. Mtayarishaji alikuwa nyuma yake, halafu Bwana Hartoyo, halafu watu wawili wenye suti asiowajua. Picha ilirudi baada ya dakika kumi na moja. Kwenye kitabu cha zamu Palupi akaandika alichokiona: saa ya kukatika, saa ya kurudi, na katikati, "Mlimani hajibu."

Alipofungua kabati mwisho wa zamu, simu yake ilikuwa na miito mitatu isiyopokelewa. Yote ya Seno. Saa tatu na dakika hamsini na nne, hamsini na sita, hamsini na tisa.

Siku tatu baadaye waliitwa ofisini kwa Bwana Hartoyo. Seno alikuwa amekonda, koti la baridi limemzidi mabega. Mambo yenyewe hayakuwa marefu. Feni ya kupoza ilikwama, mtambo ukajizima wenyewe usiungue, na alihitajika mtu mmoja tu wa kubonyeza ule wa akiba. Mzee Kasan alikuwa ameruhusiwa kwenda sherehe za kijijini, na mwanagenzi alikuwa mashambani. Aligundua pale redio ya mchuma matufaha mmoja iliponyamaza, akakimbia mlima mzima.

"Ulishuka kufanya nini?" Bwana Hartoyo akauliza.

"Kupiga simu, bwana."

"Kwa nani?"

Seno alitazama meza. "Nyumbani."

Bwana Hartoyo akamgeukia Palupi. "Wewe unajua lolote juu ya hili?"

Nafasi ilikuwa moja. Wazazi wa Palupi kule Tulungagung walikuwa wameshawaambia majirani kwamba ni yake. Na miito ile mitatu ilikuwa mfukoni mwake, inamchoma paja.

"Hapana, bwana," akasema.

Seno akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitarajia. Aliachishwa kazi siku ile ile. Palupi alimkimbilia kwenye ngazi, akamwambia amsikilize.

"Ulichoandika kitabuni ni kweli," Seno akasema. "Sikulaumu kwa hicho."

"Basi unanilaumu kwa nini?"

"Uliulizwa nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, Dik."

Akashuka. Namba yake haikupatikana tena tangu wiki ile.

Mwezi wa tisa Palupi akapewa ajira ya kudumu, mapema kuliko ilivyopangwa, na pamoja nayo akapewa mlima, kwa kuwa ulikuwa hauna mtu. Mama yake aliuliza kwa simu kama kuna baridi. Palupi akasema ipo kidogo.

Ukungu uliingia kila siku saa tisa alasiri, ukaufuta mnara kuanzia juu kushuka chini, mpaka ikabaki nyumba peke yake. Mezani palikuwa na kiti kimoja. Mzee Kasan alikuwa mwema, lakini kuongea naye ilibidi upige kelele, na maneno mengi hayavumilii kupigiwa kelele. Kila saa msichana mpya wa studio alipiga: "Mlimani, hapa studio." "Safi." Ikakatwa. Mwezi wa kumi Palupi alijikuta anaisemesha mishale ya mitambo, anaiuliza kama imelala vizuri. Mwezi wa kumi na moja alianza kushuka mashambani bila kuwa na wa kumpigia, anasimama tu katikati ya matufaha na simu mkononi, anatazama alama za mtandao zikijaa.

Siku moja alirudi kutoka huko akaketi kwenye kile kiti, akamwandikia Bwana Hartoyo barua ya kurasa mbili. Siku ile alikuwa ananipigia mimi, mara tatu, aliandika. Nilijua, nikasema sijui.

Bwana Hartoyo alipanda mlima mwenyewe, viatu vyake vimejaa tope. Aliisoma barua mbele yake, taratibu, kana kwamba hajaisoma.

"Haitamrudisha," akasema. "Aliacha kituo, na hilo halibadiliki. Nitaiweka kwenye jalada lake."

"Na mimi, bwana?"

"Wewe nikuadhibu vipi? Nikuhamishie mlimani?" Hakucheka. Alichomoa kalamu moja, akaandika nyuma ya bahasha anwani ya Banyuwangi, akaiacha mezani.

Likizo ya kwanza aliipata mwezi wa pili. Alivaa gauni la batiki ya kahawia, akalivua, akalivaa tena. Nyumba ya kina Seno ilikuwa na karakana mbele, imejaa madishi ya televisheni na vipaza sauti vya misikiti vinavyosubiri kutengenezwa. Seno alikuwa juu ya ngazi. Alimwona, akashuka polepole, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama yake, mwanamke mfupi asiyeuliza maswali, aliweka mezani bakuli mbili za rujak soto, mboga za karanga zilizomwagiwa mchuzi wa nyama, na kuwaachia baraza.

"Nimekuja kukuomba radhi," Palupi akasema.

"Nilishakusamehe tangu mwezi wa kumi."

"Hukuniambia."

"Nilitaka uteseke kidogo." Macho yakacheka kabla ya mdomo, kama zamani, na Palupi akalia, machozi yakidondokea mchuzi. Seno akamsogezea kitambaa. Baada ya kitambo Palupi akamuuliza lile alilolibeba miezi sita: siku ile, mara tatu zile, alitaka kumwambia nini? Kule juu alikuwa amelitungia swali hilo majibu mengi, na jibu zuri kuliko yote lilikuwa ndoa.

"Hakuna," Seno akasema. "Kule kila mtu aliniita Mlimani. Nilitaka kumsikia mtu akitaja jina langu, basi."

Palupi aliweka kijiko chini. Naye aliitwa Mlimani tangu mwezi wa tisa.

Walikaa pale mpaka jua likahamia upande wa pili wa baraza. Seno akamweleza karakana inakwenda vizuri, misikiti ni mingi na radi ni nyingi. Kisha akasema, bila kumtazama, "Baki, Dik. Tuoane. Mama ameshaona ulivyomaliza bakuli."

"Njoo wewe," Palupi akasema haraka. "Kanuni zinamruhusu mfanyakazi kuishi na mumewe kituoni. Nimesoma."

Seno akaanza kucheka, akaacha. "Wiki zile za mwisho nilikuwa nasimama chini ya mnara nautazama juu. Sikuwa nawaza mambo mazuri. Usiniombe hilo tena."

"Sitaomba."

"Na wewe, unaweza kuiacha kazi?"

Alilifikiria kwa uaminifu, kwa kuwa alikuwa amejifunza bei ya kusema uongo mbele ya mtu yule. Alifikiria studio, na siku atakayorudi huko kama mhandisi kamili. Alifikiria asubuhi anapowasha mitambo, mishale inainuka, na wilaya nne zinapata sauti kwa mkono wake.

"Nikiiacha kwa ajili yako," akasema, "nitakuchukia kabla watoto hawajaanza shule."

"Angalau watoto wangekuwepo," Seno akasema, na safari hii wakacheka wote wawili.

Kesho yake asubuhi Seno alimsindikiza stesheni, akambebea mkoba, akanunua maji na kumpa dirishani. Hawakuahidiana kitu. Treni ilipoiacha stesheni ya Kalibaru na kuanza kupanda milima, simu ya Palupi ikalia. Namba ngeni.

"Palupi," Seno akasema.

"Mas Seno."

"Palupi."

"Seno."

Wakaendelea hivyo, wala si kwa utani, kila mmoja akitaja jina la mwenzake na kungoja lake. Abiria wa mbele akageuka kutazama. Halafu treni ikaingia handaki la Mrawan, dirisha likawa jeusi, na sauti ikakatika.

Upande wa pili palikuwa na jua na mashamba ya kahawa, na alama za mtandao zikarudi moja moja mpaka zikajaa. Palupi aliishika simu kwa mikono miwili. Alijua kuwa huko nyuma Seno naye ameishika yake. Haikulia, naye hakupiga, na walipofika Jember akaiweka mkobani, akasogea kumpisha mwanamke mwenye mtoto aketi.