Vidole na Mlango wa Stoo

Kila alasiri alipotoka shule, msichana mmoja alivua sare, akala, kisha akakaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya shangazi yake, akifumua bandi, ile mishono ya muda, na kuokota pini sakafuni. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga. Alikuwa fundi wa nguo asiye mwepesi wa kusifu: kazi nzuri aliiita "inafaa", na mbaya aliifumua bila kusema neno.

Siku moja fundi redio wa duka la jirani, ambaye pia alikuwa kiongozi wa bendi ya mtaa, aliwaachia kinanda kikuukuu alichokuwa amekifufua, ili msichana ajifunze. Akajifunza kwa juma zima, akapata mstari mmoja wa wimbo kwa kidole kimoja, uvivu ukamwingia. Ndipo alipogundua kitufe pembeni. Ukikibonyeza, kinanda kilipiga wimbo mzima chenyewe, mtamu ajabu. Akakibonyeza, akachezesha vidole juu ya vibao kama mtu anayejua.

Cherehani ikanyamaza. Shangazi aligeuka, machozi yakimlengalenga.

"Umejifunza lini haya yote, mwanangu?"

"Polepole tu, shangazi," alijibu. Angeweza kucheka na kuonyesha kile kitufe, na mambo yangeishia hapo. Hakucheka.

Kuanzia siku hiyo hakuwa na pa kutokea. Shangazi, ambaye hakuwahi kujisifia kitu, alimsimulia kila mteja aliyekuja kupimwa gauni. Majirani wakaanza kumwita Vidole. Fundi redio akasikia, akatangaza kwamba kwenye tamasha la muziki la mtaa Vidole atapiga kinanda, na mwimbaji wa bendi ataimba naye. Alipoitwa mazoezini, leo kichwa kilimuuma, kesho alikuwa na kazi nyingi za shule. Fundi redio hakushuku chochote. Alisema mwenye kipaji hahitaji kusumbuliwa, akamwacha.

Jioni shangazi alimsimamisha juu ya kigoda na kumpima gauni la buluu la tamasha. Msichana alitazama mikono ile ikizungusha utepe kiunoni mwake. Akifungua mdomo, shangazi ataaibika mbele ya mtaa mzima. Akinyamaza, ataaibika zaidi, ila si leo. Akanyamaza.

Siku ya tamasha ukumbi ulifurika. Watoto walikaa chini na wazee kwenye viti. Msichana alikuwa amepanga kubonyeza kitufe chake na kujitia anapiga. Lakini mwimbaji alimfuata nyuma ya jukwaa, akamnong'oneza kwamba angependa waanze taratibu, kisha yeye atasita kidogo katikati, na Vidole amsubiri. Wimbo wa kile kitufe haukumsubiri mtu.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na stoo. Kitasa cha ndani kilishang'oka zamani, na mtaa mzima ulijua kwamba lile tofali la mlangoni halitolewi, maana mlango ukijifunga haufunguki ila kwa nje. Vidole naye alijua. Lakini alitaka kujificha asionekane, akaingia na kulisukuma tofali kwa mguu. Mlango ukajifunga, ta!

Ndani kulikuwa na giza, viti vilivyovunjika na ngoma kubwa ya bendi iliyopasuka upande mmoja. Bendi ilianza, kuta zikatetemeka. Alipapasa mlango, akakuta tundu tupu mahali pa kitasa. Aliita, lakini hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Joto lilimbana, gauni likamganda mgongoni. Aliogopa sana.

Kisha muziki ukakoma. Fundi redio alimwita Vidole kwenye kipaza sauti, mara ya kwanza na ya pili. Watu wakaanza kuguna. Sasa ukumbi ulikuwa kimya, na angegonga wangemsikia mara moja. Mkono wake haukuinuka. Akitolewa hapa, ni moja kwa moja jukwaani.

Ndipo aliposikia sauti ya shangazi, nyembamba, ya mtu asiyezoea kusema mbele za watu.

"Tumsubiri kidogo, jamani. Atakuja. Huyu hajawahi kunidanganya."

Msichana alilia. Kisha akaiendea ile ngoma, akaipiga kwa viganja vyote viwili, hovyo, bila mapigo ya maana, mpaka aliposikia miguu ikija mbio.

Mlango ulipofunguliwa, shangazi alikuwa mbele na fundi redio nyuma yake. Msichana hakungoja kuulizwa.

"Shangazi, sijui kupiga. Kinanda kilijipiga chenyewe, kuna kitufe. Ninachojua ni mstari mmoja."

Shangazi alimfuta jasho kwa pindo la kanga yake.

"Basi nenda ukawaambie hivyo," alisema. "Halafu upige huo mstari."

Aliwaambia. Wengine walicheka, na alistahili. Akapiga mstari wake kwa kidole kimoja, akakosea, akarudia, mpaka mwimbaji akamhurumia na kuimba naye. Ulikwisha upesi.

Nyumbani, shangazi alikaa kwenye cherehani bila kuiendesha.

"Siku ile sikulia kwa sababu ya utamu wa wimbo," alisema. "Nililia kwa kuwa nilidhani umejifunza mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Hilo limeniuma. Lakini sikiliza. Ule mlango wa stoo, kuingia ni kuusukuma tu. Kutoka, mpaka upige kelele watu wakusikie, na ukubali wakukute humo. Uongo nao ni hivyo hivyo. Leo umepiga kelele mwenyewe, nami nimesikia."

Akamwambia kwamba kuanzia kesho atakwenda kwa fundi redio kila alasiri, na kile kitufe kitang'olewa. Kisha akalichukua lile gauni la buluu, akafumua mishono ya mbavuni na kuishona upya, akiacha nafasi kubwa ndani.

"Mbona unaliachia hivyo, shangazi?"

"Kujifunza kutachukua muda," alisema shangazi, akikata uzi kwa meno. "Na wewe bado unakua."