Mita Yenye Doa Jekundu

Dada alinituma mkate. Mkate mmoja na pakiti mbili za maziwa, saa kumi na mbili kasoro jioni, na duka lenyewe liko mwisho wa pili wa barabara ya bomba, dakika tano kwa pikipiki. Mtu mwingine angekwenda, angerudi, angekunywa chai yake akalala. Mimi si wa hivyo. Mama alikuwa akisema nilipokuwa tumboni nilimpiga mateke mpaka akawa analala amekaa.

Kazi yangu ni kubeba sampuli za damu kutoka zahanati kupeleka maabara. Sampuli hazisubiri, nami sisubiri. Ila haraka ya kazini ni haraka yenye adabu: sanduku la barafu nyuma, sitini, sabini, basi. Jioni ndiyo ilikuwa yangu. Barabara ya bomba ina kilomita tatu zilizonyooka pembeni ya bomba kubwa la maji, haina tuta wala kona. Nilikuwa nalala juu ya tangi, navuta mafuta mpaka mwisho wa mkono. Rekodi yangu ilikuwa mia moja na kumi na tisa.

Hebu niambie, nani anajisifia mia moja na kumi na tisa? Nilitaka mia na ishirini. Moja tu zaidi. Ilikuwa inaniwasha hata nikiwa napiga mswaki.

Wiki hiyohiyo mita yangu ikafa. Mshale ulilala kwenye sifuri, haunyanyuki. Shemeji, mume wa dada, ni fundi pikipiki, na gereji yake iko mbele ya nyumba tunayoishi sote watatu. Watu wanamwita Taratibu, na hilo jina halikumkosea.

"Mita nyingine inakuja wiki ijayo, shemeji," aliniambia huku akifuta mikono. "Vumilia."

"Wiki nzima?"

"Wiki ina siku saba tu. Hujawahi kuzihesabu?"

Dada alicheka kwenye kiti chake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya tatu hiyo. Mbili za kwanza zilitoka, na sisi nyumbani tulishazoea kutembea kwa kunyata na kufunga milango kwa upole. Yule mtoto nilimpenda kabla sijamwona. Niliogopa hata kumnunulia soksi.

Sasa, kwenye rafu ya juu ya gereji kulikuwa na mita nzima kabisa, ya pikipiki kama yangu, ina doa la rangi nyekundu kwenye kioo. Maana ya doa niliijua, sitajitetea. Shemeji hununua pikipiki zilizopata ajali, huzichambua na kuuza vipuri. Kama mwenyewe alifia juu yake, kila kipuri hupakwa doa jekundu, na hakifungwi popote mpaka mtu wa familia aje, akiwekee mkono na kusema, "Tumeachia." Hapo ndipo shemeji huchukua kitambaa chenye petroli na kulifuta doa. Alikuwa akisema si mambo ya mizimu, ni heshima tu.

"Wewe ungependa mtu avae viatu vya marehemu wenu kabla hamjavigawa?" alikuwa akiuliza.

Wenye ile mita walitarajiwa Jumamosi. Siku niliyotumwa mkate ilikuwa Alhamisi, na shemeji alikuwa ameitwa kutengeneza pikipiki iliyokwama njiani. Nikaona nitaiazima kwa jioni moja. Doa nitalirudisha kwa rangi ya kucha ya dada, nani atajua? Nikalifuta kwa petroli. Nikaifunga mita, nikaunga kebo yake. Nati ya kebo niliikaza kwa vidole tu, maana spana yake sikuiona mara moja na sikuwa na muda wa kuitafuta.

Ikumbuke hiyo nati.

Kitu kimoja kilinishangaza. Mshale wa mita ile ulikuwa umeganda kwenye mia na ishirini na saba. Nilipogonga kioo kwa kidole ukashuka... polepole... mpaka sifuri.

Nilikwenda dukani, nikanunua mkate na maziwa, nikavitia kwenye begi na kulivaa kifuani. Rekodi ningeivunja wakati wa kurudi. Jua lilikuwa limezama ila mwanga haujaisha. Barabara tupu. Nikafunga kofia, nikaingiza gia.

Sitini.

Tisini.

Mia na kumi... Upepo ulikuwa unanivuta shati.

Mia na kumi na tisa.

Kiti cha nyuma kikainama.

Aliyewahi kubeba abiria anaijua hali hiyo. Springi zinashuka, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Hakuna anayepanda pikipiki inayokwenda mwendo ule. Lakini uzito ulikuwapo. Magoti mawili yalinibana nyonga. Kisha ikaja harufu, ndani ya kofia, mahali ambapo hata vumbi haliingii. Poda. Poda ya mtoto mchanga.

"Usipunguze."

Sauti ya mwanamume. Chini, karibu na sikio, ya mtu aliyeishiwa pumzi.

Niliachia mafuta. Pikipiki haikupunguza. Mshale ukagusa mia na ishirini, namba niliyoiota miezi minne, na wala sikuitaka tena. Nilikanyaga breki, ikaingia laini mpaka chini bila kushika kitu. Nikazungusha ufunguo. Taa zikazimika.

Injini haikuzimika.

"Nani?" nilisema. Sikuthubutu kugeuka.

"Usipunguze... ananisubiri."

Mia ishirini na tatu. Mia ishirini na tano. Mbele, kwenye mwanga ule uliobaki, pembeni kabisa mwa barabara, nikaona kitambaa cha njano na mtu aliyeshika kiuno. Nilikuwa nimechelewa, na dada alikuwa ametoka kunitazamia. Tumbo lake lilitangulia mbele kuliko yeye.

Usukani ukaanza kuvuta kushoto.

Upande wake.

Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Niliuvuta usukani kwa nguvu zangu zote lakini mikono mingine ilikuwa juu ya mikono yangu, baridi, inajua inakokwenda. Mia ishirini na sita. Nikauchomoa mkono wa kushoto, nikausukuma nyuma ya mita, nikaipapasa ile nati. Kama ningekuwa mtu wa kutafuta spana, leo nisingekuwa nasimulia. Mizunguko miwili, kebo ikachomoka.

Mshale ukaanguka. Breki zikashika. Tairi likalia, nyuma ikayumba, nikasimama hatua tatu kutoka kwa dada, mkate umekuwa chapati na maziwa yananitiririka mpaka miguuni.

Dada hakupiga kelele. Alikuwa anatazama nyuma yake, kuelekea nyumbani, ambako hakukuwa na kitu.

"Huyo mwenzako mbona hana hata salamu?" akaniuliza.

"Mwenzangu yupi?"

"Aliyeruka kabla hujasimama." Akaweka mkono tumboni. "Kanipita hapahapa, nikadhani ananikumba. Ananukia poda, mwanamume mzima."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, kwa sababu nikilia angeogopa, na daktari alisema asishtuliwe. Nikamkokota mpaka nyumbani, yeye na pikipiki. Usiku nikairudisha mita rafuni na kupaka doa. Safari hii mshale wake ulibaki kwenye sifuri.

Jumamosi asubuhi akaja mama wa marehemu, mtu mzima, peke yake. Shemeji alimpa kiti, akaiweka mita juu ya kitambaa safi. Mama aliifunika kwa kiganja.

"Alikuwa anamwahi mkewe," alisema. "Uchungu ulikuwa umeshamshika. Alipita dukani kwanza, akanunua poda na nguo za mtoto, ndipo akaanza kukimbizana na muda."

"Na mtoto, mama?" dada aliuliza.

"Mtoto hakukaa duniani."

Yule mama akainua kiganja, akakitazama, akakirudisha tena juu ya kioo. Uso wake ukabadilika.

"Nimeshika viatu vyake, nimeshika kofia yake, kote nimemsikia. Hapa hayumo." Akamgeukia shemeji. "Baba, nani ameifungua hii?"

Shemeji alilisugua doa kwa kidole gumba. Rangi ya kucha inang'aa kuliko rangi ya gereji. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu amuoe dada, sikuona utani machoni mwake.

"Ni mimi, mama," nilisema. "Nisamehe."

"Alishukia wapi?"

Macho yangu yalimkimbilia dada. Naye, bila kufikiri, alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Yule mama aliiona ile mikono. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Hakusema "Tumeachia."

Tangu jioni ile, karibu miezi miwili sasa, mtoto hatulii. Anapiga mateke asubuhi, mchana, jioni. Daktari anasema moyo wake ni imara, hajaona mtoto mwenye nguvu hivyo. Dada anafurahi mpaka analia, kwa sababu wale wawili wa mwanzo hawakucheza kamwe. Nifanyeje mimi? Nimwambie nini? Kila nikiwasha pikipiki kwenda kazini, yeye huniita dirishani na kucheka. "Njoo uone, ametulia! Anasikiliza." Nikiizima, anaanza tena. Siku hizi naikokota mpaka barabarani ndipo naiwasha, na sijavuka hamsini.

Jana jioni nilikuwa naiosha. Bado siku tisa dada ajifungue. Alitoka ndani na kifurushi cha nguo za mtoto, akaketi upande kwenye kiti cha nyuma kupumzisha miguu. Springi zikashuka, zikashuka tena.

"Siku ikifika utanipeleka wewe," alisema.

"Shemeji ameshapanga gari, dada."

"Gari litachelewa."

Akaniinamia begani, akanisogelea sikio. Alinukia poda. Nilijiambia ni ile ya kwenye kifurushi.

"Mdogo wangu," alininong'oneza, "usipunguze."

Neno hilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote.