Nukta za Upande Mmoja

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, Inspekta mstaafu alisimama mbele ya fremu kubwa ya mbao yenye umbo la moyo, akatambua kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka sitini na mitatu ameingizwa mjini. Tena ameingizwa akiwa katikati ya msitu.

Mdogo wake alikuwa ameshaingia ndani ya fremu, kichwa ameinamisha, tabasamu limejaa uso mzima. Kando yake kulikuwa na kibanda cha chai, kofia za majani na safu ya twiga wa kuchonga, ingawa msitu ule haukuwahi kuona twiga.

"Dada, njoo tupige picha."

"Maporomoko yako wapi?"

"Si ndiyo haya?" Mdogo wake alionyesha ukuta wa kibanda, palipochorwa maporomoko ya bluu, na sungura wawili chini yake.

Inspekta hakucheka. Katika maisha yake alikuwa amekwepa kila mtego wa watalii unaojulikana. Hakufuata kibao kikubwa kuliko vingine. Alikula wanapokula wafanyakazi, na alipotaka kujua njia alimuuliza anayefagia, si anayempungia mkono. Safari hii alisoma kila kitu kabla ya kuja. Karatasi ya hifadhi ilisema wazi: pale njia panda shika kushoto, fuata nukta za njano, utafika kwenye maporomoko bila mwongozaji. Nukta walizifuata moja baada ya nyingine, isipokuwa zilikuwa zimewapeleka kulia. Yeye alidhani karatasi imepitwa na wakati, na sasa alijilaumu.

Waligeuka kurudi. Hatua hamsini tu, mdogo wake akasimama. "Nukta zimeisha, dada."

Kweli, mbele yao miti ilikuwa mitupu. Inspekta aliuzunguka mti wa karibu, akaikuta nukta upande wa pili, ule ambao mtu huuona akiwa anakuja. Akazunguka wa pili na wa tatu, ikawa hivyo hivyo. Alitoa kijitabu chake, akaandika: saa nne na nusu, nukta upande mmoja tu.

Walihangaika karibu saa mbili. Njiani walimkuta mzee mmoja na mkewe waliopotea kama wao, mzee mguu umemteguka na kuvimba, wakamkokota kwa zamu. Pale njia panda Inspekta aliona bonge la matope makavu kwenye shina la mti wa kushoto. Alilibandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na nukta ya zamani, na mgongoni mwa mti ule kulikuwa na nyingine, nayo imesiribwa matope. Alipoinama aliona pia, chini kabisa kwenye mzizi wa mti mkubwa wa jirani, namba ndogo ya njano: 41.

Saa saba na nusu alitoa taarifa kwa Mkuu wa hifadhi, mtu mnene, mpole, mwenye meza iliyofunikwa na mafaili hadi pembeni. Mkuu alisikiliza, akashusha pumzi, akasema hilo halina hata haja ya uchunguzi. Nukta za hifadhi hupakwa na mtu mmoja tu, mtunza njia, wanayemwita Mzee Nukta. Na mwenye kibanda cha fremu ni mkwe wake, kamuoa bintiye wa pekee. Kesho saa tatu asubuhi Mzee Nukta atarudisha beji, na kabla ya mwisho wa wiki atahama nyumba ya kazi aliyokaa miaka thelathini.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Tunakushukuru sana kwa taarifa."

Inspekta hakuipokea shukrani ile. Alikuwa amekuja kushtaki nukta, na sasa kuna mtu anafukuzwa kazi kwa mdomo wake yeye. Alipotoka nje alimwambia mdogo wake kwamba hataondoka hapo mpaka ajue ukweli, na mdogo wake akasema vizuri tu, yeye bado ana hamu ya ile chai.

Mzee Nukta walimkuta stoo, anafuta brashi kwa tambara, moja moja, kama mtu anayeaga watoto. Alieleza kwamba kwa wiki mbili alikuwa peke yake upande wa pili wa msitu, akitengeneza daraja. Hakuna aliyemwona huko. Zaidi ya hapo hakutaka kujitetea.

"Wewe ukipaka nukta, unapakaje?" Inspekta aliuliza.

"Kwenda na kurudi. Kila mti mara mbili."

"Hujawahi kusahau?"

Mzee alimtazama kana kwamba ameulizwa kama hujisahau akavaa kiatu kimoja. "Mama, mgeni nikimpeleka bila kumrudisha, huyo si mgeni tena, ni msiba. Aliyenifundisha kazi alinichapa kwa hilo siku ya kwanza. Mkono wenyewe unazunguka mti."

"Basi nukta zile si zako, na unajua. Mbona umenyamaza?"

Brashi ilisimama mkononi. "Nikisema si mimi, watamtazama nani? Kijana wa watu ana mke, na mke ni mwanangu."

Kumbe mzee alikuwa amemhukumu mkwewe moyoni, akaamua kuubeba mzigo yeye. Inspekta alimwonea huruma, ila hakumwonyesha. Aliuliza swali moja la mwisho: rangi ya njano humu stoo huchukuliwa na nani? Mzee alijibu kwamba ni yeye, na Bibi Darubini anayehesabu ndege, anayepewa kopo dogo la kuandikia namba kwenye miti yenye viota.

Saa tisa na robo walikuwa kibandani tena. Mkwe, kijana mchangamfu, alikubali bila kuulizwa mara mbili kwamba wageni walianza kumiminika Jumamosi ya wiki iliyopita, na kwamba yeye alidhani ni baraka.

"Siku hiyo ya kwanza ulijiandaa vipi?"

"Nijiandae na nini, mama? Chai iliisha saa tano. Vikombe nikaazima. Mke wangu alirudi nyumbani mara tatu kuchukua maji, mpaka akaninunia. Hata leo sukari hakuna."

Mdogo wake Inspekta alithibitisha kwa masikitiko kwamba sukari kweli hakuna. Inspekta alifunga kijitabu. Mtu anayetega mtego huandaa na chungu. Huyu windo lilimwangukia akiwa hana hata kisu.

Wakati wa kurudi alitembea polepole, akigeuka nyuma kila mara kuzihesabu nukta. Za Mzee Nukta, alizoziona asubuhi kabla ya njia panda, zilikuwa kwenye miti minene, inayoonekana kwa mbali. Hizi za uongo zilikuwa za ajabu. Mahali fulani ziliuacha mti mzuri, mnene, ulio ukingoni mwa njia, zikapakwa kwenye jiwe. Mbele kidogo zikauruka mwingine, zikaenda kwenye kijiti. Kila mti ulioachwa ulikuwa na namba ndogo kwenye mzizi: 33, 36, 38. Juu ya ule wa 36 kulikuwa na tundu lililozibwa kwa udongo, limebaki ufa mwembamba, na kwenye ufa ule ulitokeza mdomo wa ndege, ukarudi ndani.

"Nani anakaa humo?" mdogo wake alinong'ona.

"Hondohondo jike, na mtoto. Amejifungia. Mume ndiye anayeleta chakula," alisema Inspekta, na hapo hapo akaelewa.

Jumatano saa tatu kamili walikuwa sita ofisini kwa Mkuu. Mzee Nukta alikuwa ameshaiweka beji mezani. Mkwewe alisimama nyuma ya kiti chake. Bibi Darubini, mwanamke mwembamba wa makamo, kamba ya darubini shingoni, aliitwa kwa ombi la Inspekta, akakaa karibu na mlango.

Inspekta alianza na nukta za upande mmoja. Mtunza njia wa miaka thelathini hawezi kupaka hivyo hata akiwa usingizini. Akaja kwenye chai iliyoisha saa tano. Kisha akasema aliyepaka aliipenda miti fulani kiasi cha kutotaka kuisogelea na brashi, wala kumfanya mgeni asimame chini yake.

"Miti hiyo ina namba," alisema, akamgeukia mwanamke wa mlangoni. "Namba ni zako, mwanangu, na rangi ni ile ile."

Bibi Darubini hakukana. Alisema kule kwenye maporomoko kuna tundu moja, chini sana, mtu anaweza kulifikia kwa mkono. Wageni hugonga shina ili jike atoe mdomo wapige picha. Dume akiona watu haji, na mwaka jana kinda alikufa kwa njaa, yeye akihesabu masaa. Aliandika barua tatu.

Mkuu alianza kusema hakuna barua, kisha akayatazama mafaili yake, akaanza kuyapekua. Alizikuta zote tatu kwenye la pili kutoka chini, hazijafunguliwa.

"Nikaona niwapeleke mahali wanapopenda kupiga picha," alisema Bibi Darubini. "Hakuna anayedhurika."

"Kuna mzee hawezi kukanyaga chini," Inspekta alisema. "Na jana jioni ulijua kwamba huyu anafukuzwa?"

"Nilijua."

"Ukakaa kimya."

"Kinda wa mwaka huu anatoka baada ya siku tisa." Sauti yake ilikatika. "Siku tisa tu. Nilitaka niseme siku ya kumi."

"Yaani miaka yake thelathini kwa siku zako tisa. Ulimtoa kafara mtu aliyekuwa anakupa rangi."

Mwanamke alilia, na hapakuwa na aliyembembeleza. Mkwe aliweka mkono begani kwa mzee, na mzee akaushika, akamwomba radhi kwa sauti ndogo kwa kumdhania vibaya. Mkuu, uso umemshuka, alisukuma beji kuvuka meza na kusema Mzee Nukta achague mwenyewe mkosaji afanywe nini.

"Kwanza akamwone yule mzee wa mguu, amwombe msamaha," alisema Mzee Nukta. "Halafu njia ya maporomoko ifungwe siku tisa. Angeniambia ningeifunga mwenyewe, ni kazi ya kamba na nusu saa."

"Watu hawasikii wakiambiwa," alisema Bibi Darubini.

"Umewahi kuwaambia?"



Kamba ilifungwa pale njia panda saa sita. Mzee Nukta aliketi kwenye kigoda, na wote waliofika aliwaeleza jambo lilivyo: mama, mtoto, ufa, siku tisa. Inspekta alikuwa na tiketi ya kuondoka kesho yake asubuhi, kwa hiyo maporomoko yale hangeyaona kabisa, na alishangaa kwamba hilo halimuumi. Alikaa kwenye jiwe mpaka saa kumi na moja akiwahesabu. Walifika watu hamsini na wanne, wengine wametoka mbali kuliko yeye. Wote waliuliza maswali, wakashusha sauti, wakageuka kurudi. Bibi Darubini alikuwa amesimama pembeni muda wote, na darubini yake hakuielekeza juu hata mara moja, maana alikuwa akiwatazama watu.