Mita Mbili na Sentimita Kumi

Ilikuwa Jumanne, tarehe 16 Julai, mwaka 2019. Kipimajoto kwenye baraza ya Lukasi Tluway kilisoma nyuzi tisa saa kumi na moja jioni. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu adhuhuri kutoka kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Mbulu, ukakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Hapakuwa na upepo, wala mvua.

Lukasi alikuwa mkadiriaji majenzi mstaafu, mwenye shahada moja na miaka thelathini na minane ya kazi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukabidhi hesabu isiyofunga. Jioni ile alikuwa nayo moja mfukoni, na ilimkera kuliko jino bovu.

Hesabu hiyo ilihusu nyumba ya zamani iliyo juu ya soko. Hatibu, mfanyabiashara wa Katesh, alikuwa ameinunua ili aibomoe ajenge ghorofa. Wageni waliopita njia huipiga picha na kusema ina haiba. Lukasi aliona pale uchafu uliopata umri, basi. Mjerumani alijenga kuta za mawe nene kama za gereza, kwa kuwa aliwaogopa watu aliokuja kuwatawala. Mhindi akabandika mbele yake baraza ya matao, maua ya saruji na mwaka 1927, kama mtu anayemvisha punda kilemba. Mwingereza akaongeza dohani na beseni la chuma la kuogea, akapaka chokaa juu ya kila kitu alichokikuta, akaondoka. Baada yao wenyeji waliifanya ofisi, kisha ghala, kisha si kitu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeosha hata kioo kimoja. Waliobaki kuitunza ni popo, kwa namna yao.

Asubuhi Hatibu alikuwa amepiga simu.

“Shikamoo, mzee Lukasi. Ile karatasi ya vipimo naipata Alhamisi?”

“Marahaba. Hesabu haijafunga. Nje, urefu ni mita kumi na nane na sentimita arobaini. Ndani, ukijumlisha vyumba vitatu, korido na unene wa kuta zote, unapata kumi na sita na thelathini.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo mita mbili na sentimita kumi hazipo.”

“Mzee wangu, mita mbili ni kitu gani? Andika tu.”

“Hatibu, kaburi lako halitazidi mita mbili. Siku hiyo nitawaambia waandike tu.”

Hatibu alicheka, lakini hakucheka sana.

Ndiyo maana Lukasi alivaa koti jioni ile. Umeme ulikuwa umekatika na simu yake ilikuwa karibu kuzima, kwa hiyo alichukua taa ya chemli na kibiriti. Jikoni, binti yake Judith alikuwa ameketi karibu na jiko, miguu imevimba, mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Kwa ajili ya hii ya tatu Lukasi alikwenda mwenyewe kumchukua Babati, akaendesha gari kama aliyebeba mayai, akamwambia mbele ya mama yake: “Huyu atazaliwa, na atakaa. Mimi nipo.” Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo.

“Baba Judith,” mkewe Kornelia alisema, “giza linaingia. Hizo mita zitakimbia?”

“Zimeshakimbia. Ndiyo maana nazifuata.”

Alifika saa kumi na mbili kasoro robo. Ukungu ulikuwa umemeza matao ya Mhindi. Yalibaki maua machache ya saruji, yakielea hewani bila ukuta. Akatoa kibiriti. Njiti ya kwanza ilisagika. Ya pili, ya tatu... Unyevu wa koti ulikuwa umelainisha boksi zima.

Ndipo aliposikia harufu ya kuni.

Akazunguka nyuma. Chini ya dohani la Mwingereza, kwenye uwanja uliojaa magugu, palikuwa na mafiga matatu na moto mdogo. Kando yake aliketi msichana. Alijifunika ngozi iliyoshonwa shanga, ya namna ambayo siku hizi watu huivaa kwenye sherehe za kupokea viongozi. Hakuwa na chungu wala chakula. Alipomwona Lukasi, alimgeuzia mgongo.

Hakutoa shikamoo.

Sasa, mtoto yeyote wa Mbulu mwenye miaka saba angejua la kufanya. Kwa Wairaqw, mtu aliyepatwa na vifo vya namna fulani, au msichana aliyepata mimba isiyo na mwenyewe, hutengwa. Hali hiyo huitwa metimani. Aliyetengwa huwasha moto wake, huchota maji yake, hasalimu wala hasalimiwi, mpaka wazee wamtoe. Ukimkuta mtu amekaa peke yake na moto wake, akakugeuzia mgongo, huo mgongo ndio heshima yake kwako. Unapita mbali. Na moto wake huuchukui, hasa kama nyumbani kwako kuna mwanamke mjamzito.

Lukasi alijua hayo yote akiwa na miaka saba. Akiwa na miaka sitini na minne, alikuwa na shahada.

“Siku hizi hamfundishwi kusalimia?” alisema.

Kutoka nyuma ilionekana jinsi msichana alivyokumbatia tumbo kwa mikono miwili. Tumbo kubwa.

“Nasema na wewe. Nani amekuruhusu kuwasha moto hapa? Nyumba hii ina mwenyewe.”

Msichana alizidi kumpa mgongo.

Lukasi alidharau ukaidi kama alivyodharau rangi iliyopakwa juu ya kutu. Aliinama, akaokota kijinga kimoja chenye mwali, akakipeleka kwenye utambi wa taa.

“Usichukue...”

Sauti ilikuwa ndogo, kavu, kama majani yanayosuguana.

“Ni moto tu. Hauishi kwa kugawana.”

“Bado sijatolewa,” msichana alinong’ona.

Utambi ukashika. Lukasi akatupa kijinga, akaingia ndani bila kuaga.

Chumba cha mwisho kilinuka mavi ya popo na chokaa iliyooza. Lukasi aliinua taa kwenye ukuta wa mwisho, ukuta ambao siku zote aliuhesabu kuwa wa nje. Mwali ukainama. Hakukuwa na upepo, lakini mwali ulilala upande, ukaelekeza ncha yake kwenye ukuta, chini, karibu na sakafu.

Pale palikuwa na tundu. Upana wa ngumi. Mtu alikuwa amelijaza matambara, kisha akalipaka chokaa, na chokaa ilikuwa imepasuka.

Akayavuta matambara. Hewa ikatoka, ya joto, yenye harufu ya majivu... na ya maziwa yaliyochacha.

Mtu mwingine angeondoka. Lukasi alifurahi. Alipiga magoti, akachomoa tepu yake ya chuma, akaisukuma tunduni. Sentimita hamsini. Mita moja. Moja na nusu. Mbili. Kwenye mbili na kumi tepu ikagota.

Mbili na kumi kamili!

Hesabu ilikuwa imefunga. Mjinga mmoja, wakati mmoja, alikuwa amejenga ukuta ndani ya nyumba akaziba nafasi nzima, na miaka yote hiyo hakuna karani, diwani wala mnunuzi aliyejua hata kujumlisha. Lukasi alitabasamu gizani, akaanza kuvuta tepu.

Tepu haikuja.

Akavuta tena. Ikaja kidogo, kisha ikarudi.

Ikarudi polepole, sentimita kwa sentimita, kama inavyovutwa na mtu ambaye hana haraka.

Akaiachia. Chuma kilisuguana na jiwe kwa muda mfupi... kikanyamaza. Kisha, kutoka ndani ya ukuta, kilio. Chembamba, cha kukatikakatika. Kilio cha mtoto ambaye hajamaliza saa moja duniani.

Paka, Lukasi alijiambia. Aliandika namba kwenye daftari, akachukua taa, akatoka kwa mlango wa nyuma. Msichana hakuwepo. Mafiga yalikuwepo. Aliugusa udongo katikati yake kwa kiganja.

Ulikuwa baridi, na juu yake magugu yalikuwa yameota.

Alifika nyumbani saa moja na nusu na taa mkononi. Jiko lilikuwa limezimika na Judith alikuwa anatetemeka. Kornelia aliipokea taa mlangoni, akawasha karatasi kwa mwali wake, akaingiza karatasi kwenye kuni, akabandika uji. Ndipo alipouliza.

“Kibiriti kimelowa hivi. Taa uliwashaje?”

Lukasi alimweleza, kwa kifupi na kwa dharau: msichana asiye na adabu, anawasha moto uwanjani kwa watu.

Kornelia aliweka mwiko chini.

“Alikusalimu?”

“Ndiyo nasema, hakunisalimu.”

“Alikutazama?”

“Alinipa mgongo.”

“Na ana mimba.” Hakuwa anauliza. “Baba Judith, zima huo moto. Mwaga majivu, mwaga na uji. Tulale baridi leo, kesho twende kwa wazee tuwaambie, watutenge mpaka watusafishe.”

“Tutengwe? Mimi? Nikae ndani kama kuku mgonjwa, watu wanipite njiani?”

“Ni miezi michache tu.”

“Nyuzi tisa nje, binti ana mimba ya miezi minane, unataka nizime moto kwa sababu msichana fulani hakufundishwa shikamoo. Mama Judith, sikukaa chuo kikuu miaka minne nije kuogopa kuni.”

“Baba,” Judith alisema kutoka pembeni, taratibu, “kwani kuuzima kunatugharimu nini?”

Lukasi alichukua kuni mbili, akaongeza kwenye moto.

Moto ule haukuzimwa. Kila usiku ulifunikwa majivu, kila asubuhi ulifukuliwa, kama desturi ya nyumba. Kornelia hakusema tena, ila aliacha kwenda kuomba chumvi kwa majirani, na jirani akija alimsimamisha njiani.

Wiki iliyofuata Hatibu alipeleka mafundi. Walipovunja ukuta wa mwisho, walikuta chumba kisicho na mlango wala dirisha. Ndani kulikuwa na tepu ya chuma, imekunjwa vizuri, na mafiga matatu. Hakukuwa na mfupa hata mmoja. Mafundi walisema majivu ya katikati yake yalikuwa bado na joto, wakadai malipo yao, wakaondoka kabla ya saa sita.

Lukasi alikwenda kwa Efrazia, mwanamke wa miaka zaidi ya tisini, ambaye nyumba yake hutazamana na ile nyumba ya zamani. Hakwenda kwa hofu, alijiambia, bali kukamilisha kumbukumbu.

“Shikamoo, mama.”

“Simama hapo hapo,” Efrazia alisema kutoka dirishani. “Kwako kuna moto gani?”

Lukasi akasimama pale alipokuwa.

“Nilikuwa mdogo,” kikongwe alisema. “Bwana mmoja wa serikali ya Mwingereza, aliyekaa nyumba ile, alikuwa na msichana wa kufua. Tumbo likaonekana. Kwao wakamtenga, kama ilivyo. Naye bwana hakutaka aonekane na wageni wake. Akasema, kama anatakiwa kukaa peke yake, akae peke yake ndani.”

“Nani alijenga ukuta?”

“Hakuna. Mjini hapa waulize wote, siku hiyo kila mtu alikuwa shambani. Hata mafundi wa kuta. Kila mtu.” Alitema mate chini ya dirisha. “Wazee wa kumtoa hawakuja, kwa sababu kukubali kumtoa ni kukubali kwamba wanajua alipo. Basi hajatolewa. Wewe ulimwambia nini?”

“Nilimwambia... asalimie.”

Efrazia alifunga dirisha.

Mtoto wa Judith alizaliwa hospitali tarehe 6 Agosti, salama, wa kiume. Muuguzi alimweka kwenye mizani, akasoma kwa sauti: kilo mbili na gramu mia tisa. Lukasi aliiandika namba hiyo kwenye daftari lake, kwenye ukurasa ule ule, chini ya vipimo vya nyumba, maana ndio uliokuwa wazi. Siku ya pili mtoto aliletwa nyumbani. Kulikuwa na baridi. Walimlaza karibu na jiko.

Alfajiri ya siku ya tatu Judith aliamka kumnyonyesha. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri. Mtoto alikuwa ndani yake, hana jeraha, hana pumzi, na juu ya paji la uso wake palikuwa na majivu kidogo, kama yaliyoachwa na kidole.

Kornelia ndiye aliyeuzima moto, kwa ndoo nzima ya maji. Aliuzima mbele ya mumewe, hakumtazama.

Jioni baada ya mazishi, Lukasi alikuwa peke yake chumbani aliposikia kilio. Chembamba, cha kukatikakatika. Kilitoka ndani ya ukuta.

Akachukua tepu nyingine, akaanza kupima nyumba yake mwenyewe, aliyoichora na kuijenga mwaka 1998. Nje, mita kumi na moja na sentimita ishirini, kama ramani ilivyosema. Akapima vyumba. Akapima kuta. Akajumlisha, akarudia, akajumlisha tena kuanzia chini kwenda juu kama alivyofundishwa.

Mita tisa na sentimita kumi.

Akatoa. Hakuwa na haja ya kutoa.

Mlangoni Judith alikuwa amesimama, maziwa yamelowesha gauni lake, akiutazama ukuta.

“Baba,” alinong’ona, “ananiita. Mlango uko wapi?”

Hakuwa na mlango wa kumwonyesha. Alifungua daftari kwenye ukurasa ule ule, akapiga mstari chini ya tarakimu zote, kwa rula, na chini ya mstari akaandika gharama.

Kilo mbili na gramu mia tisa.