Polvoroni Tatu za Mama Mkwe

NIMEKULA NGURUWE!

Mimi, Nuria, niliyeacha kila kitu cha mnyama kwa miaka! Nyama, maziwa, mayai, hata asali... Na aliyenilisha ni mama mkwe mtarajiwa, mkesha wa Krismasi, nyumbani kwake Estepa, Uhispania!

Niliingia jikoni kuchukua maji tu. Mezani kuna ndoo ya mafuta meupe, ina picha ya nguruwe anacheka. Pembeni zimelala karatasi za polvoroni, vile vibiskuti vya Krismasi nilivyotoka kula vitatu!

Nikarudi sebuleni mbio.

"Mama Angustias! Polvoroni zako zina mafuta ya nguruwe?"

"Sasa ziwe na nini, binti? Bila nguruwe huo ni mchanga!"

"Mimi sili mnyama!"

"Kwani mafuta ni nyama?"

Jamani... nilitaka kurusha sahani yote ukutani!

Mchumba wangu Fermín akanivuta mkono. "Nuria, yaishe basi. Usimwaibishe mama yangu."

Mama akamgeukia. "Hebu ngoja. Si ulisema ameshaacha huo mfungo wake?"

Fermín akaniachia mkono, akaanza kukusanya sahani.

"Fermín! Nilimtengenezea kopo zima la polvoroni kwa mafuta ya zeituni. Ukaniambia nisijisumbue, siku hizi anakula kila kitu!"

Hapo damu ikanichemka upya. Safari yetu yote ya kuja huku, yeye ndiye aliyekuwa anaingia madukani. Mimi nalinda mabegi nje.

"Fermín... ule mkate mtamu wa Mallorca, ile ensaimada?"

Akajifanya anafuta makombo mezani.

"Uliapa ni mafuta ya mimea!"

"Ulikuwa unalamba vidole, Nuria! Nilitaka tule pamoja kama watu wengine..."

Mshenzi!

Nikavua pete. Nikarudi jikoni, nikaizamisha kwenye ile ndoo mpaka kiganja kikapotea. Aitafute mwenyewe!

Nilipotoka, Mama Angustias alishashika funguo za gari na lile kopo.

"Twende stesheni, binti. Na wewe Fermín, nikirudi nikukute umeshaosha vyombo."

Wapendwa, niliyekuwa namlaani ndiye aliyenikandia unga kwa mikono yake!

Garini nilichukua polvoroni moja, nikaibana kiganjani kwanza ndani ya karatasi yake, kama wafanyavyo kwao. Nilipofungua haikumwagika hata chembe. Nikala huku nalia kwa hasira.

Dada zangu, mtu anayeweza kukudanganya huku anakutazama unavyofurahia, hana atakachoshindwa kukuficha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kinanilisha!